Mzee kapata shambulio la moyo, sasa mapigo yanakwenda ovyo: ni hatari kiasi gani, na dawa zote hizi za damu za nini?

Dada mmoja wa Igoma kaniandikia swali refu, nalifupisha. Baba yake ana miaka 63, ana presha ya siku nyingi, ni mvuvi wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, mwenye mitumbwi yake. Mwezi juzi alibanwa na kifua usiku, asubuhi wakamvusha hadi Nansio kule Ukerewe, baadae Mwanza, akalazwa, majibu yakaja kwamba ni shambulio la moyo na kachelewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Siku ya tatu wodini mashine ikaanza kulia, mapigo 150 na ushee, hayana mpangilio, akapewa dawa yakatulia. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika AF. Katoka na dawa saba na tatu kati ya hizo ni "za kulainisha damu". Maswali yake: hayo mapigo yatamuua? Jirani yao aliyewahi kuuza duka la dawa anasema dawa tatu za damu kwa mtu mmoja ni kumchinja, abaki na aspirini tu, ni kweli? Na mzee anasumbua anataka kurudi Ukara, wamruhusu?

Marahaba dada, na pole sana na kuuguza. Nianze na mapigo manake naona ndo yanakunyima usingizi.

Mapigo kwenda ovyo baada ya shambulio la moyo sio kitu kimoja, na watu wengi wanayachanganya, hata baadhi yetu tuliovaa makoti meupe tunamwambia ndugu "moyo unapiga vibaya" tunaondoka zetu, mtu anabaki kuwaza kifo. Kuna yanayoanzia vyumba vya chini vya moyo, ventriko, hivi ndo vinavyosukuma damu kwenda mwilini. Ventriko zikianza kutetemeka badala ya kusukuma, mtu anaanguka hapo hapo, mapigo hakuna, na bila mashine ya kushtua moyo ndani ya dakika chache hakuna kitu tena. Hiyo ndo inayoua watu wengi wa shambulio la moyo kabla hawajaliona geti la hospitali, na inapenda sana saa za mwanzo mwanzo. Sasa fikiria, baba yako zile saa za mwanzo alikuwa bado kisiwani halafu majini, na akafika. Hatari kubwa kuliko zote kaipita bila hata kujua kwamba ipo.

Yeye tatizo lake liko vyumba vya juu, atria. AF ni fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vinapata amri za umeme ovyo ovyo, 350 hadi 600 kwa dakika, zote zinataka kushuka chini, na katikati kuna kituo kimoja tu cha kuzipitisha. Ni kama abiria stendi ya Nyegezi jioni wanavyogombania mlango mmoja wa daladala, konda anaingiza mmoja, kimya, anaingiza watatu, kimya, hakuna foleni. Ndo maana ukimshika mkono unasikia mapigo hayafuatani, moja liko karibu, lingine limechelewa, moja kubwa, lingine dogo. Lakini vyumba vya chini bado vinasukuma. Kwa hiyo hapana, AF haimwangushi mtu kama taa iliyokatika, na wapo watu kibao hapa Mwanza wanatembea nayo miaka, wengine hawajui kama wanayo.

Ila nisikudanganye kwamba haina maana. Utafiti mkubwa uliofanyika miaka ya 1990 kwa watu zaidi ya 40,000 wenye shambulio la moyo uliona kwamba kama mmoja kati ya kumi alikuwa na AF, na ndani ya siku 30 walikufa kama 14 kati ya kila 100 wenye AF, wakati wasiokuwa nayo walikufa kama 6. Hizo namba zinatisha ukizisoma hivo hivo. Subiri kwanza. Wenye AF walikuwa wazee zaidi, na mioyo yao ilikuwa imeumia zaidi. Ukiyaondoa hayo kwenye hesabu tofauti inapungua sana, haiishi lakini inapungua. Na baba yako zile siku 30 keshazimaliza.

Sasa hapa ndo pana kiini cha jibu langu. Kwa mgonjwa kama mzee AF kwa sehemu kubwa ni taarifa. Inatuambia msuli umeumia, presha ndani ya moyo imepanda ikavuta kuta za atria, au potasiamu imeshuka, au utando wa nje wa moyo umepata uvimbe baada ya shambulio, au mwili umemwaga adrenalini nyingi kwa maumivu na hofu. Ni kweli yenyewe nayo inaongeza mzigo, manake moyo ukienda 150 haupati muda wa kujaa, na mishipa ya moyo wenyewe hujazwa damu wakati moyo umepumzika, kwa hiyo kadri unavyokimbia ndo unavyozidi kujinyima. Ndo maana walimtuliza haraka, walifanya sawa kabisa. Lakini kupigania kila pigo likae sawa sawa, yaani mtu anashika mkono wa mzee asubuhi mchana jioni, likiruka moja familia nzima iko juu, hiyo haimwongezei siku hata moja.

Na hili la kutaka kunyoosha mapigo kwa nguvu sisi madaktari tulishalilipia. Zamani iliaminika kwamba baada ya shambulio la moyo, ukiona pigo la ziada pale na pale kutoka ventriko, ukilifuta na dawa utamwokoa mgonjwa. Inaingia akilini si ndio? Marekani wakafanya utafiti wa CAST, wakachukua watu waliotoka kwenye shambulio la moyo wenye hayo mapigo ya ziada, wengine wakapewa flekainidi au enkainidi, wengine kidonge kisicho na kitu. Mapigo kwenye karatasi yakawa mazuri, yamenyooka kabisa. Matokeo ya kwanza yakatoka 1989: waliopewa dawa halisi walikuwa wanakufa zaidi ya mara mbili ya wale wa kidonge kitupu, ikabidi utafiti usimamishwe kwa dawa hizo. Karatasi nzuri, mgonjwa kafa. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna dawa sijui ya kunyoosha mapigo anauza rafiki yake pale mjini, au mlisikia kwa fulani kapewa ikamsaidia, usimguse nayo mzee. Dawa ya mapigo kwa moyo wenye kovu inachaguliwa kwa uangalifu sana.

Kinachoamua mzee ataishije ni vitu viwili ukiacha presha na sukari: asipate kiharusi, na pampu yake iwe na nguvu kiasi gani. Twende kwenye hilo la kwanza, ndo jirani yako anakoingilia.

Atria ikitetemeka haijikamui vizuri, damu inatuama, hasa kwenye kijifuko kidogo kilichoko upande wa kushoto, inaganda humo, siku donge likichomoka linapanda kichwani. Mtu mwenye AF hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nayo, na baba yako ana presha, ana shambulio la moyo, kwa vigezo tunavyotumia anastahili dawa ya kuzuia kuganda bila mjadala. Na usiseme "lakini mapigo yalitulia wodini". AF ya baada ya shambulio inapenda kurudi kimya kimya, usiku kalala, hakuna anayejua.

Sasa hizo dawa tatu. Aspirini na klopidogreli zinafanya kazi kwenye chembe sahani, yaani vichembe vya damu vya kuziba jeraha, hivi ndo vinavyojikusanya kwenye mshipa wa moyo uliochubuka. Warfarini inafanya kazi kwingine kabisa, kwenye protini za kugandisha damu, na hiyo ndo inayozuia donge la kwenye atria. Jirani anaziona zote "za damu" basi kwake ni moja mara tatu, lakini sivyo.

Ila nimpe haki yake, nusu ya alichosema ni kweli. Tatu kwa pamoja zinaongeza sana kutoka damu, na hatupendi mtu akae nazo muda mrefu. Utafiti wa AUGUSTUS wa 2019, watu zaidi ya 4,600 wenye AF waliopata shambulio la moyo au kuwekewa stenti (kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo), ulionyesha kwamba ukiiondoa aspirini mapema ukaacha klopidogreli na dawa ya kuzuia kuganda, damu kutoka kunapungua sana. Kwa hiyo utaratibu wa siku hizi ni tatu kwa wiki moja, ikizidi sana mwezi, kisha mbili hadi kama mwaka, kisha moja. Sasa angalia jirani anavyoigeuza: anataka abaki na aspirini, wakati aspirini ndo inayotakiwa kutoka kwanza! Na aspirini peke yake kwa kiharusi cha AF ni dhaifu. Ushauri wake ukifuatwa mzee anabaki na dawa isiyomlinda na anapoteza ile inayomlinda.

Wewe fanya hivi: kwa kuwa mwezi umeshapita, usingoje tarehe ya kliniki kama iko mbali, nenda na karatasi zote uulize swali moja, "aspirini inaisha lini?" Inawezekana ilitakiwa iishe na karatasi haikuandika. Huwa inatokea, mtu anaruhusiwa na dawa ya mwezi anainywa mwaka. Lakini aikate daktari, msiikate nyumbani. Na hapo hapo ulizia kidonge cha kulinda tumbo, pantoprazoli ni bora kwake kuliko omeprazoli manake omeprazoli inaipunguza nguvu klopidogreli.

Kuhusu kuacha warfarini naomba unisikilize vizuri. Kulikuwa na utafiti mwingine, AFFIRM, Marekani na Kanada, watu 4,060, ukatoka 2002, ulikuwa unalinganisha kunyoosha mapigo na kuyapunguza tu kasi. Kwa kuishi, walionyooshwa mapigo hawakuwashinda waliopunguzwa kasi tu. Na viharusi vingi vilivyotokea, pande zote mbili, vilikuwa kwa watu walioacha warfarini au waliokuwa wanainywa lakini kipimo cha INR, yaani cha damu inachukua muda gani kuganda, kiko chini ya 2.

INR ndo kila kitu kwa mtu wa warfarini. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, chini ya hapo anakunywa bure, juu sana anavuja. Kununua dawa bila kupima ni kubahatisha, mwanzoni apime kila wiki au chini ya hapo hadi itulie, baadae kila mwezi. Chukua kijidaftari, andika tarehe, INR, dozi kwa miligramu sio kwa "kidonge kimoja", manake duka hili wana cha 5 lile wana cha 1, umeona balaa lake. Mboga za majani asiache, mchicha, matembele, kisamvu ale tu, ila ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, kinachovuruga ni mwezi mzima hakuna mboga halafu wiki moja mlonge asubuhi na jioni kwa sababu kuna mtu kasema unasafisha mishipa. Flagyl, Septrin, siprofloksasini, flukonazoli, hizi zinapandisha INR na hapa kwetu mtu anajinunulia kama pipi. Diklofenaki ndo sitaki hata kuisikia! Wavuvi na mgongo, mgongo na diklofenaki, nawaelewa, kuvuta nyavu sio mchezo, lakini kwa mtu wa warfarini na klopidogreli hiyo ni kutafuta kidonda cha tumbo kinachovuja, na moyo wenyewe hauipendi. Atumie parasetamoli. Akiugua malaria apimwe kwanza, na kabla ya kumeza mseto waambie wahudumu orodha ya dawa zake, hasa kama kwenye zile saba kuna amiodaroni, dawa ya mapigo, manake hiyo inaongeza nguvu ya warfarini kwa wiki nyingi na haikai vizuri na kila dawa.

Halafu kuna kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikisemi sana lakini kwetu ziwani lazima kiulizwe. Mzee kazaliwa Ukara, kaishi majini, uwezekano wa kuwa na kichocho cha matumbo cha miaka mingi ni mkubwa. Hicho kikikaa kinakakamaza ini kwa ndani, bandama inavimba, na mishipa ya koo la chakula inatanuka inakuwa tayari kupasuka. Wodi za Mwanza zinawajua sana hawa, mtu mzima anatapika damu beseni zima, chanzo ni kichocho cha utotoni. Mtu wa namna hiyo ukimpa dawa tatu za damu bila kujua unacheza na moto. Kama baba yako aliwahi kutapika damu, aliwahi kuambiwa bandama imevimba, au tumbo lilijaa maji, daktari wa moyo aambiwe, apigwe ultrasaundi ya tumbo, na ikibidi koo likaangaliwe kwa kamera. Na akiona choo cheusi chenye kunata asiseme "ni kichocho changu kile cha siku zote", hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Pampu sasa. Amepigwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo? Tafuta kwenye karatasi palipoandikwa EF na asilimia, hiyo ni sehemu ya damu ambayo ventriko inaisukuma nje kila pigo. Moyo mzima ni 55 kwenda juu. Ikiwa 40 au chini tunaongea habari za moyo uliodhoofu, na hapo bisoprololi, dawa za presha zile za jamii ya enalapril, na nyinginezo zinakuwa ndo uhai wake hasa, zimethibitika kupunguza vifo, na bisoprololi ndo inayoshika kasi ya AF na kupunguza yale mapigo mabaya ya ventriko. Asiiache ghafla hata kama jirani anasema inalegeza nguvu. Eko irudiwe baada ya kama miezi mitatu ya dawa. Ikibaki 35 au chini, kuna mjadala wa kifaa kinachowekwa kifuani cha kushtua moyo chenyewe, na huo pamoja na kuangaliwa mishipa ya moyo unaweza kuwapeleka Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Msikimbilie kifaa sasa hivi, siku 40 za mwanzo baada ya shambulio tafiti hazikuona faida yake kwenye vifo.

Nyumbani kushika mapigo ruksa, mara moja kwa siku inatosha. Akae dakika tano kimya, weka vidole viwili chini ya kidole gumba chake, hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha manake AF itakudanganya. Mashine ya presha nayo inayumba kwenye AF, pima mara tatu uchukue wastani. Akiwa ametulia chini ya 110 usihangaike hata kama hayana mpangilio. Yakizidi 110 siku nzima, au yakiwa chini ya 50 na anaona kizunguzungu, mpeleke. Kuzimia hata sekunde, kifua kubana zaidi ya dakika chache, mdomo kupinda au mkono kulegea, kushindwa kulala chali kwa pumzi, hapo hamna kuhesabu, ni bodaboda au gari saa hiyo hiyo. Gongo aache kabisa, hilo halina upole, pombe kali inaiamsha AF. Akiharisha sana huku anakunywa Lasix, dawa ya kukojoza, potasiamu inashuka, akapime.

Haya, Ukara. Namwelewa mzee, mtu mwenye mitumbwi yake kukaa Igoma kuangalia runinga ni adhabu. Simkatazi moja kwa moja. Ila asirudi kabla INR haijatulia mara mbili tatu mfululizo kwenye 2 hadi 3, eko haijasomwa, na swali la aspirini halijajibiwa. Kabla ya hapo mpime kwa miguu, kama ana ndugu Mabatini, mtaa wa Mwanza ulioko mlimani kwenye mawe, apande mawe hadi kwao taratibu, akifika bila kifua kubana wala pumzi kukatika ni dalili nzuri kuliko maneno yake "mimi mzima". Kwenda ziwani usiku kuvua dagaa hapana, kuvuta nyavu hapana, na peke yake mtumbwini hapana milele kama ataendelea na dawa za damu na historia hii. Kusimamia mwaloni, kuhesabu mzigo, kugombana na vijana wake kuhusu mafuta ya injini, hiyo sawa, ingawa kugombana nako apunguze.

Na umbali uuhesabu kwa kweli. Kutoka Bwisya ni kivuko hadi Bugolora, barabara hadi Nansio, halafu meli kama masaa matatu hadi Mwanza, na usiku hakuna ratiba. Kabla hajaondoka pigia kituo cha afya Bwisya na hospitali ya Nansio uulize INR inapimwa siku zipi, usidhani. Ndoana ikimchoma au wembe ukimkata akandamize na kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia. Aende na dawa za miezi miwili, kijidaftari kile cha INR kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, na namba ya kliniki iwe kwa mtu mwingine pale kisiwani pia, isikae kwenye simu yake peke yake inayoisha chaji saa mbili usiku.